Azory Gwanda na kazi ya mwandishi wa wilayani

Kibiti iko mkoa wa Pwani, na makao makuu ya mkoa huo ni Kibaha. Asiyeyajua maeneo hayo atadhani ni mwendo wa daladala moja. Lakini Kibaha iko barabara ya Morogoro, magharibi ya Dar es Salaam, na Kibiti iko kusini, barabara ya Kilwa, kilomita takriban 140 kutoka jijini, kabla barabara haijashuka kuelekea Mto Rufiji na Daraja la Mkapa. Mtu wa Kibiti mwenye jambo mkoani hana budi aingie Dar es Salaam kwa upande wa Mbagala, alikate jiji zima, atokee Kimara na Mbezi, ndipo aifuate Kibaha. Anapita mkoa wa wenzake ili afike kwao.

Barabara hiyo inaeleza mengi kuhusu kazi ya Azory Gwanda. Makao makuu ya mkoa wake, pamoja na waandishi wenzake wengi wa mkoa, yalikuwa Kibaha. Chumba cha habari cha gazeti aliloliandikia, Mwananchi, kilikuwa Tabata Relini, Dar es Salaam. Yeye alikuwa Kibiti, mwandishi wa kujitegemea, bila ofisi na bila mwenzake wa meza ya pili wa kumuuliza, "Hii tuiandike au tuiache kwanza?"

Azory alitoweka Novemba 21, 2017. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya siku hiyo tu, na jambo hilo linaniuma. Kabla sura yake haijawa picha ya kubebwa kwenye mabango, alikuwa mtu mwenye kazi, na kazi yenyewe ni ile inayofanywa leo hii na mamia ya watu kuanzia Ngara hadi Newala bila nchi kuwatambua. Ni kazi hiyo ninayotaka tuitazame, tukianzia mbali kidogo.

Habari iliyotoka ndiyo yenye malipo

Waandishi wengi wa mikoani, na karibu wote wa wilayani, hawana ajira. Wana kitambulisho cha gazeti, wana namba ya mhariri, na wana makubaliano ambayo mara nyingi ni ya mdomo. Wanalipwa kwa habari iliyochapishwa. Iliyoandikwa ikakosa nafasi haina malipo, hata kama imemgharimu mwandishi kutwa nzima na nauli ya kwenda na kurudi.

Tuchukue siku ya kawaida katika wilaya yoyote yenye mto. Alfajiri mtu wa bondeni anapiga simu: mamba amemkamata mtoto. Mwandishi anatafuta bodaboda, wanapatana bei, anakwenda hadi njia inapoishia, anavuka kwa mtumbwi. Anazungumza na mama wa mtoto, na mwenyekiti wa kitongoji, na mganga wa zahanati. Anarudi mjini jioni, anaandika habari nzima kwenye simu huku chaji inakata, anaituma. Dawati linamrudia: kamanda wa polisi amesema nini? Kamanda hapokei simu. Mganga mkuu wa wilaya anasema yeye si msemaji, msemaji ni mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Dodoma kikaoni. Huko Dar es Salaam kurasa za mikoani zinakaribia kufungwa. Tangazo la nusu ukurasa limeingia dakika za mwisho, na habari ya mamba inakatwa zinabaki aya nne, au inawekwa hadi kesho, na kesho basi limepinduka mahali pengine. Ikitoka aya nne, atalipwa za aya nne. Mara nyingi fedha hiyo hairudishi hata nauli ya bodaboda.

Nimekaa kwenye dawati linalopokea habari za namna hiyo. Naweza kusema bila wasiwasi kwamba habari nzito nilizowahi kuzipitisha zililetwa na watu wa aina hii. Mwandishi wa wilayani anajua mambo ambayo aliyetumwa kutoka makao makuu hawezi kuyajua kwa siku mbili. Anajua mkandarasi wa vyoo vya shule ni shemeji wa nani. Anajua mgogoro wa malisho uliolipuka wiki hii ulianza lini, na mzee gani alikuwepo mipaka ilipowekwa. Anajua kwamba zahanati iliyozinduliwa kwa ngoma na mwenge bado haina mkunga. Kwenye baraza la madiwani, pale mjadala wa hoja za mkaguzi unapofika, yeye ndiye anayetambua kwamba diwani aliyenyamaza leo ndiye aliyepiga kelele kikao kilichopita, na anajiuliza kulikoni.

Tena hana pa kukimbilia akikosea. Mwandishi wa makao makuu akimwandika mtu vibaya anapanda basi jioni anaondoka. Wa wilayani atakutana na mtu huyo sokoni, msikitini au kanisani, kwenye msiba, na kwenye foleni ya hospitali akiwa amembeba mwanawe. Ukaribu huo unamfundisha uangalifu ambao darasani haupatikani. Ukaribu huohuo ndio unaomweka hatarini, kwa sababu aliyeandikwa kwa haki naye anajua nyumba ilipo.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wanaliona kila siku bila kujua linatoka wapi. Fungua kurasa za mikoani za gazeti lolote: "DC atoa siku saba", "RC acharuka", "Mkurugenzi aja juu". Kwa nini viongozi wanacharuka kila siku? Kwa sababu ziara ya kiongozi ina gari, ina chakula, ina posho, na ina habari yenye uhakika wa kutoka, kwani msemaji yupo, picha ipo, na hakuna atakayeikanusha. Kijiji kinacholalamika kuporwa ardhi hakina gari la kumbeba mwandishi. Akienda huko anajigharamia, na habari ikifika mezani inahojiwa mara tatu zaidi ya ile ya ziara. Mtu mwenye kodi ya nyumba na ada ya watoto atapanda gari lipi? Bahasha ambayo wenyewe wanaiita mshiko imelaaniwa katika semina nyingi za maadili, na ni haki ilaaniwe. Lakini nyingi ya semina hizo hazigusi karatasi ya malipo ya gazeti lenyewe, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mwandishi anayetegemea nauli ya mkuu wa wilaya hawezi kuwa jicho la wananchi juu ya mkuu huyo wa wilaya. Anayebaki imara katika mazingira hayo, na wapo wengi, anafanya hivyo kwa tabia yake mwenyewe, na gazeti halistahili sifa hata kidogo.

Wapo pia makanjanja, na sitawatetea: wanaotembea na vitambulisho kuwatisha walimu wakuu na wenye maduka ya dawa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilitaka kulimaliza jambo hili kwa ithibati, na kanuni zake zikadai elimu ya kuanzia stashahada. Nakubali kwamba elimu ni muhimu. Lakini sheria iliyomdai mwandishi wa wilayani cheti ilipaswa kumdai mwajiri wake mkataba siku hiyohiyo. Chuo kilimgharimu fedha na muda ambao hakuwa nao, na aliporudi na cheti alilipwa kwa aya zilezile.

Kazi ya zamani

Watu hudhani mwandishi wa mkoani ni mtoto wa magazeti ya Dar es Salaam. Kwa kweli ndiye mkubwa. Mwaka 1888, wanafunzi wa misheni ya Waanglikana kule Kiungani, Zanzibar, walianza kuchapa Msimulizi, na gazeti hilo lilipata uhai wake kutokana na barua za walioko Magila, Masasi, Newala na vituo vingine vya bara. Kisha likaja Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga tangu 1904 hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Walimu, makarani na maakida waliosomeshwa katika shule za serikali wakatawanywa nchi nzima ndio waliokuwa wakiandika kutoka vituoni mwao: mvua imekatika, simba anasumbua, reli imefika mahali fulani, fulani amefariki. Kabla nchi haijawa na chama cha siasa wala redio, watu wa Tanga walikuwa wakisoma habari za bara kwa Kiswahili, zimeandikwa na Waafrika wenzao. Wanahistoria wetu wameyachambua mashairi yaliyokuwa katika gazeti lile kuliko habari zake, nami natamani siku moja mtu akusanye zile barua za wilayani kitabu kizima.

Baada ya uhuru, dola ilijaribu kwa njia yake. Mwaka 1974 Mwanza ilipata Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa lililosaidiwa na UNESCO, likilenga waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima. Mwaka 1976 sheria ilianzisha Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, ambalo waandishi wake walikaa mikoani. Siku hizo habari ilisafiri kwa teleksi, au ilisomwa kwenye simu neno kwa neno huku mwenzako wa upande wa pili akiandika, "rudia jina, rudia tena". Mkanda wa picha ulifungwa kwenye bahasha ukapewa kondakta wa basi, na mtu akatumwa stendi Dar es Salaam kuupokea. Mabasi yalichelewa na picha nyingi nzuri zikafika habari imekwisha kuchacha.

SHIHATA ilikuwa chombo cha serikali na iliandika kama chombo cha serikali. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja ambalo hatujalipata tena: mwandishi wake wa mkoani alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara, likizo na meza. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na magazeti binafsi yakamiminika, ushindani ulikuwa mkali na fedha chache. Magazeti yakajenga vyumba vya habari Dar es Salaam na kuiachia mikoa kwa waandishi wa kulipwa kwa kipande. SHIHATA yenyewe ikafifia na kufungwa. Tumepata uhuru mkubwa wa kuandika kuliko enzi zile, na mtu wa kuutumia wilayani tumemwacha bila kitu.

Waandishi wenyewe ndio waliojipanga. Kila mkoa ukaunda klabu yake, na klabu hizo zikaungana kuwa Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, UTPC, ambao kwa miaka mingi makao yake makuu yalikuwa Mwanza. Mtu asiyejua thamani ya klabu hizi na afuatilie siku ya janga. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka Ukara, Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Siku kama hizo nchi nzima inategemea macho ya waandishi wa Mwanza, watu waliosimama mwaloni kuhesabu miili ambayo baadhi yake waliitambua kwa majina. Habari za mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa nazo zisingejulikana kwa ukubwa wake kama si waandishi wa huko kuzifuata kijiji kwa kijiji. Ni habari zinazobaki ndani ya mtu. Sijaona chombo chochote kinachompa mwandishi wa kujitegemea ushauri nasaha baada ya kazi ya aina hiyo.

Nyololo

Daudi Mwangosi hakuwa mtu wa gazeti; alikuwa mwandishi wa televisheni ya Channel Ten mkoani Iringa. Lakini huwezi kuzungumzia waandishi wa mikoani bila yeye, tena alikuwa mwenyekiti wa klabu yao mkoani humo. Septemba 2, 2012 alikuwa Nyololo, kijiji cha wilaya ya Mufindi, ambako wafuasi wa CHADEMA walikuwa wakifungua tawi na polisi wakiwazuia kwa maelezo kwamba sensa ya watu ilikuwa haijamalizika. Katika vurugu hizo Mwangosi alizingirwa na askari na kuuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu sana. Alikuwa na umri wa takriban miaka 40.

Kilichofuata kinapaswa kukumbukwa kwa undani wake. Waandishi wenzake walikuwepo. Mmoja wao alipiga picha Mwangosi akiwa katikati ya askari, na picha ile ikachapishwa, ikasambaa. Waziri wa Mambo ya Ndani akaunda kamati. Baraza la Habari Tanzania na Jukwaa la Wahariri wakaunda yao. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikachunguza na kueleza kuwa haki za binadamu zilikiukwa. Askari mmoja akashtakiwa, na Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Wengi waliona hukumu ile ni ndogo na kwamba waliotoa amri hawakuguswa. Mimi pia naona hivyo. Lakini kulikuwa na maiti, kulikuwa na mashahidi, kulikuwa na picha, kulikuwa na kesi yenye namba. Familia ilizika, na UTPC ikaanzisha tuzo kwa jina lake.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu Mwangosi hakuwa peke yake. Siku ile Nyololo walikwenda kama kundi, kwa magari, wakiwa na kamera zaidi ya moja. Iringa ina klabu hai na mji wenye waandishi wa kutosha kuulizana usiku, "Wote mmerudi?"

Kibiti

Kibiti ilikuwa wilaya changa, iliyomegwa kutoka Rufiji. Ni nchi ya korosho na minazi juu, mpunga na mikoko kwenye delta. Kuanzia karibu mwaka 2015 watu wenye silaha, mara nyingi usiku, walianza kuwaua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa CCM wa ngazi ya chini, mgambo na askari. Mauaji yakaenea Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane walivamiwa wakiwa njiani na kuuawa. Hadi katikati ya mwaka huo idadi ya waliouawa ilitajwa kuwa karibu 40. Polisi wakaanzisha operesheni kubwa, bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku, na wananchi wakaeleza kwamba wanawaogopa wauaji na wanaiogopa operesheni.

Hapo ndipo Azory Gwanda alipokuwa akifanya kazi, na mauaji yale ndiyo aliyoyaandika. Mtu anayesoma gazeti Arusha au Mbeya huenda hakutambua ilimaanisha nini. Katika wilaya ambayo mwenyekiti wa kijiji anauawa mlangoni kwake, kila anayeuliza maswali anatiliwa shaka na pande zote. Muuaji anajiuliza mwandishi anamwambia nani. Askari anajiuliza mwandishi ameambiwa na nani. Mjane anayezungumza naye leo anaweza kujuta kesho. Waliouawa walikuwa viongozi wa vijiji vya wilaya aliyoishi, na vyanzo vya habari yoyote ya huko huwa ni wenyeviti na watendaji haohao. Makao makuu ya gazeti yangeweza kutuma timu kutoka Dar es Salaam, ikalala siku mbili na kuondoka. Yeye alikuwa akiishi pale.

Bado, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa mwandishi wa kujitegemea.

Mkewe amesimulia asubuhi ya Novemba 21, 2017 kwa vyombo vya habari na kwa mashirika ya kutetea wanahabari. Alikuwa shambani. Gari jeupe aina ya Land Cruiser lilifika, mumewe akiwa ndani pamoja na watu asiowafahamu. Mumewe akamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia amepata safari ya dharura na kwamba angerudi kesho yake. Mama huyo aliporudi nyumbani akakuta nyumba imepekuliwa. Kesho ikafika, mumewe hakurudi. Akatoa taarifa polisi. Desemba uongozi wa Mwananchi ukalizungumza jambo hilo hadharani, na waandishi nchini wakaanza kuuliza kwa sauti moja Azory yuko wapi.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, maofisa wawili wa Kamati ya Kulinda Wanahabari yenye makao New York, Angela Quintal wa Afrika Kusini na Muthoki Mumo wa Kenya, walikuja Tanzania. Usiku wa Novemba 7 walichukuliwa kutoka hotelini kwao Dar es Salaam, wakahojiwa, hati zao za kusafiria zikashikiliwa, wakaachiwa na baadaye kuondoka nchini. Miongoni mwa waliyohojiwa ni kuhusu kazi yao na Azory. Julai 2019, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, katika mahojiano na BBC alitamka kwamba Azory alitoweka na akafa. Kauli hiyo ilipozua kishindo, alisema imetafsiriwa visivyo. Hebu fikiria familia inayosikia neno hilo, kisha inaambiwa si hivyo. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Nikizilinganisha habari hizi mbili, ya Nyololo na ya Kibiti, naona tofauti yao kubwa ni kuwepo kwa wenzao na kamera. Ujasiri wote wawili walikuwa nao. Umaarufu hakuna aliyekuwa nao kabla. Mmoja alizungukwa na waandishi wenzake siku ile, na ushahidi ukapatikana. Mwingine alikuwa peke yake, mkoa wake uko upande wa pili wa jiji, gazeti lake liko umbali wa nusu siku, na aliyegundua kwamba hayupo alikuwa mkewe. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha amani kuliko yote. Mwandishi anapotoweka akiwa katika habari hatari kuliko zote nchini, wa kwanza kugundua alipaswa kuwa mhariri.

Wala si Tanzania peke yake. John Kituyi, mwenye gazeti la wiki la Mirror Weekly mjini Eldoret, Kenya, aliuawa jioni ya Aprili 30, 2015 akitembea kurudi nyumbani, baada ya gazeti lake dogo kuandika habari zilizohusiana na kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Gazeti la mkoani, mhariri anayejulikana na kila mtu mjini, njia anayopita kila siku: hali ni ileile.

Yanayowezekana bila kusubiri sheria mpya

Nimesikia hoja kwamba magazeti hayana fedha. Ni kweli mapato ya matangazo yameshuka na wasomaji wamehamia kwenye simu. Lakini baadhi ya mambo hayahitaji fedha nyingi. Mwandishi aliyeko kwenye habari ya mauaji, ya ardhi au ya madini anaweza kupigiwa simu na dawati saa maalumu asubuhi na jioni, na asipopokea, hatua zinajulikana: nani anampigia mwenyekiti wa klabu, nani anakwenda, nani anamtaarifu wakili. Habari hatari inaweza kubeba jina la mhariri wa Dar es Salaam pamoja na la mwandishi wa wilayani, ili anayetaka kulipiza kisasi ajue hashughuliki na mtu mmoja. Waandishi wa magazeti shindani wanaweza kwenda pamoja katika eneo la hatari na kutoa habari siku moja. Nyololo ilionyesha kwamba kundi ni kinga, na pale kinga inaposhindwa, kundi ni shahidi.

Yanayohitaji fedha nayo yasemwe. Gazeti linalopata habari za wilaya mfululizo kwa mtu mmoja kwa miaka limwandikie mkataba, limkatie bima ya afya na ya ajali, na limlipe nauli hata habari isipotoka. Klabu za mikoa ambazo makao yake yako mbali na baadhi ya wilaya zake, kama ilivyo Pwani, zifungue matawi upande wa pili. Mwandishi wa Kibiti, Rufiji au Mafia asilazimike kuvuka Dar es Salaam ili ampate mwenzake.

Kwa upande wa serikali naomba jambo moja, nalo haligharimu chochote. Jalada la polisi lilifunguliwa Novemba 2017. Aliyenalo aandike taarifa yenye tarehe: nani alihojiwa, lile Land Cruiser jeupe lilitafutwa wapi, uchunguzi umefikia hatua gani, nani anaushika sasa. Kisha aipeleke kwa familia ya Azory Gwanda kwa mkono wake, na nakala aitoe kwa waandishi wa mkoa wa Pwani, wa Kibaha na wa Kibiti.